Njia Hii Unaitembea kwa Ajili ya Nani?

Wanangu wa Rugerero,

Wengi wenu sasa mna kazi mbili. Yuko anayefundisha shule hapa asubuhi, na alasiri anashuka Gisenyi kushika hesabu za hoteli kando ya ziwa. Yuko aliyeajiriwa kwenye chai upande wa Pfunda, na mwisho wa wiki anasimama dukani Mahoko. Yuko fundi umeme mwenye mkataba wa nusu siku kule Nyamyumba, naye ana wateja wake mwenyewe jioni. Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ninyi mmezishika zote mbili kwa sababu mshahara mmoja hautoshi kodi ya nyumba, ada za wadogo zenu na chakula cha mwezi. Siwalaumu hata kidogo. Nimefanya kazi ya hesabu za mishahara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na najua karatasi ya mshahara inavyoonekana mtu akishaifungua.

Leo nataka tuzungumze juu ya njia iliyoko kati ya kazi hizo mbili. Kila siku mnaitembea, na kila siku inakula pesa: nauli ya moto, yaani pikipiki ya abiria, tiketi ya basi, petroli kwa aliye na pikipiki yake. Mmeanza kuniuliza: je, gharama hii haiwezi kupunguzwa kwenye kodi ya mapato? Swali ni zuri, na kuuliza si ujinga. Ila wengi mnaliuliza mkiwa tayari na jibu mlilolisikia kutoka mbali, na jibu hilo halitawafaa hapa wilayani Rubavu.

Nadhani najua limetoka wapi. Mna ndugu Marekani, na huko watu huzungumzia kodi kwa maili. Idara ya kodi ya Marekani hutangaza kila mwaka kiwango cha kuhesabia safari za kazi kwa gari lako. Mwaka 2025 kilikuwa senti 70 za dola kwa maili moja. Kwa miaka mingi mwajiriwa wa huko aliyetoka kazi ya kwanza kwenda ya pili siku hiyo hiyo aliweza kuiweka safari hiyo katika gharama za kazi, ingawa safari ya kutoka nyumbani na kurudi nyumbani haikuhesabiwa. Lakini sheria ya kodi iliyopitishwa Desemba 2017 iliwaondolea waajiriwa nafuu hiyo kuanzia mwaka 2018, na mwaka 2025 Bunge lao likaufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu. Waliobaki nayo hasa ni wanaojiajiri. Kwa hiyo hata mpwa wako aliyeko Texas akikupigia simu na kukusifia maili zake, muulize kwanza kama ameajiriwa au ana biashara yake. Jibu lote liko hapo.

Sasa turudi nyumbani. Rwanda tunatumia sheria ya kodi ya mapato namba 027/2022 ya tarehe 20 Oktoba 2022. Kwa mwajiriwa, kodi hukatwa na mwajiri juu ya mshahara ghafi, na sheria haimpi mwajiriwa nafasi ya kukaa mwisho wa mwaka na kutoa nauli zake, viatu vyake na chakula chake cha mchana. Anayeweza kutoa gharama ni mwenye biashara. Kwa hiyo jibu fupi ni hili: ukiwa mwajiriwa kwa mabwana wawili, nauli ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine haipunguzi kodi yako hata faranga moja.

Msikate tamaa mapema. Jibu fupi lina mlango pembeni yake, na mlango huo ndio uliofanya niwaite. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba pesa anayokurudishia mwajiri kwa gharama uliyoitoa kwa ajili ya kazi yake peke yake haihesabiwi kuwa mshahara wako. Haikatwi kodi. Lakini posho, na posho ya usafiri imo, ni sehemu ya mshahara, na inakatwa. Noti zinaweza kuwa zile zile, na moto uliyopanda ikawa ile ile. Kinachotofautisha ni swali moja: njia hii uliitembea kwa ajili ya nani?

Swali hili ni la zamani, na watu wakubwa walilipeleka mahakamani. Uingereza palikuwa na wakili aliyeishi na kufanya kazi London, naye pia alikuwa na cheo cha hakimu katika mji wa bandari wa Portsmouth. Kila ilipofika zamu yake alipanda treni kwenda huko, akalala hotelini, akasikiliza kesi, akarudi. Akataka nauli na hoteli vitolewe katika mapato yake ya uhakimu. Mwaka 1925 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho, likamkatalia. Sababu yao ilikuwa kwamba kazi ya uhakimu ilianza alipofika Portsmouth. Kuishi London kulikuwa uamuzi wake mwenyewe, cheo hakikumlazimisha.

Halafu mwaka 1969 likaja shauri la daktari mmoja wa Fishguard, nchini Wales. Alikuwa na zahanati yake mjini, na pia alikuwa na kazi ya muda katika hospitali ya Haverfordwest, umbali wa maili 15. Hospitali ilikuwa ikimpigia simu usiku kuhusu mama anayejifungua au mgonjwa wa dharura. Naye alitoa maagizo hapo hapo kwenye simu, kisha akaingia garini. Hospitali ilimrudishia gharama za maili 10 tu, na zile 5 zilizobaki alijilipia. Mara hii majaji, kwa wingi wa kura, walikubaliana naye. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza tangu simu ilipolia, na daktari alisafiri akiwa kazini. Alichorudishiwa hakikuwa mshahara, na alichojilipia kilikuwa gharama halali ya kazi.

Hukumu hizo si sheria ya Rwanda. Nimewasimulia kwa sababu zinawafundisha kutenganisha njia mbili. Wote wawili walikuwa na kazi mbili, na wote walisafiri kati yake. Mmoja alikwenda kazini, mwingine alisafiri akiwa tayari kazini. Mwalimu anayetoka darasani Rugerero kwenda hotelini Gisenyi yuko katika hali ya yule hakimu. Shule haikumtuma hotelini, na hoteli haikumtuma shuleni. Lakini akishafika hotelini, na meneja akamwambia apeleke hundi benki, au afuate karatasi ofisi ya kodi, au apande basi kwenda Kigali kuonana na muuzaji wa mashuka, njia hiyo ni ya hoteli. Hoteli inapaswa kuilipa, na ikiilipa kwa risiti, kodi haiigusi.

Basi shikeni mambo yafuatayo, na myashike kwa mpangilio.

La kwanza, mwambieni kila mwajiri ukweli kuhusu yule mwingine. Najua wengine huficha. Mwajiri wa kwanza hukata kodi kwa madaraja: hadi faranga 60,000 kwa mwezi hakuna kodi; kutoka hapo hadi 100,000 ni asilimia 10; kutoka hapo hadi 200,000 ni asilimia 20; kinachozidi 200,000 ni asilimia 30. Mwajiri wa pili hana ruhusa ya kutumia madaraja hayo. Yeye hukata asilimia 30 kuanzia faranga ya kwanza. Ukimficha, naye akakukata kana kwamba yeye ni wa kwanza, utakuwa umepata ile sehemu isiyotozwa kodi mara mbili, na deni hilo ni lako. Siku mfumo wa Mamlaka ya Mapato ukiona namba yako ya kitambulisho kwa waajiri wawili, hutakuwa na la kusema.

La pili, fanyeni hesabu ya mwaka mzima, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoteza pesa bila kujua. Tuseme unapata 120,000 shuleni na 80,000 hotelini. Shule inakukata 8,000. Hoteli inakukata asilimia 30 ya 80,000, yaani 24,000. Jumla 32,000 kwa mwezi. Sasa chukua mapato yote pamoja, 200,000, uyapitishe kwenye madaraja kana kwamba ni mshahara mmoja. Kodi inakuwa 24,000. Kwa hiyo kila mwezi umekatwa 8,000 zaidi ya inayokupasa, na kwa mwaka ni 96,000. Kilichokatwa kupita kiasi hudaiwa kwa tamko la mwaka, na tarehe ya kuwekwa akilini ni 31 Machi ya mwaka unaofuata. Nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato hapa Rubavu, au pigeni 3004, waombeni wawaelekeze utaratibu. Nendeni na karatasi za mishahara za pande zote mbili. Mmekuwa mkihangaikia nauli isiyopunguza kodi, na huku fedha iliyo yenu kisheria imelala pasipo kuulizwa.

La tatu, mkizungumza na mwajiri kuhusu usafiri, jueni mnachoomba. Tuseme hoteli inakutuma mjini kila siku ya kazi, na moto zinakugharimu 1,000 kwa siku. Kwa siku 22 ni faranga 22,000 kwa mwezi. Meneja akisema atakuongezea posho ya usafiri ya 22,000, usishukuru haraka. Yeye ni mwajiri wako wa pili, kwa hiyo asilimia 30, yaani 6,600, inakwenda kwenye kodi. Tena tangu Januari 2025 mchango wa pensheni wa RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii, umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, na posho ya usafiri ambayo zamani iliachwa nje ya hesabu sasa imo ndani. Mchango wako wa asilimia 6 ni 1,320. Kinachokufikia ni 14,080, na nauli yako bado ni 22,000. Mwambie kwa adabu: "Bwana meneja, naomba nirudishiwe gharama za safari mnazonituma, kwa orodha na uthibitisho." Akikubali, 22,000 inarudi 22,000. Naye hapotezi kitu, kwa sababu hiyo ni gharama ya biashara yake.

Na kwa ile njia isiyo ya mtu mwingine, ya kutoka shule kwenda hoteli? Hiyo ni yako, na dawa yake iko kwenye mkataba kabla hujatia saini. Ukitaka 22,000 zifike mkononi mwako baada ya makato hayo mawili, nyongeza unayopaswa kuomba kwa mwajiri wa pili ni karibu 34,400. Kijana asiyejua hesabu hii huomba nauli yake ilivyo, kisha kila mwezi anashangaa inapokwendea. Njia nyingine ni kupanga siku. Kama ratiba ya kazi ya kwanza inaruhusu, mwombe mwajiri wa pili akupe siku tatu nzima badala ya alasiri sita. Saa za kazi zinabaki zile zile, na safari zinapungua kwa nusu. Safari usiyoifanya ndiyo pekee isiyohitaji risiti.

La nne ni daftari. Waswahili wana methali iliyotungwa kana kwamba kwa ajili ya jambo hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari dogo la kutia mfukoni. Kila mkitumwa, andikeni siku ile ile: tarehe, mlikotoka, mlikokwenda, aliyewatuma, shughuli, na kiasi. Msisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu kumbukumbu ya mwisho wa mwezi huongeza safari zisizokuwapo na kusahau zilizokuwapo. Mkipanda moto, lipeni kwa pesa ya simu, MoMo, ili ujumbe ubaki kwenye simu. Mkinunua petroli kwa kazi ya mwajiri, ombeni risiti ya mashine ya EBM yenye namba ya mlipakodi (TIN) ya mwajiri, si yenu. Bila hiyo mhasibu wake hawezi kuiingiza katika vitabu, na mtakuwa mnamwomba awalipe kwa hasara. Kampuni nyingine huwa na kiwango chake cha kilomita kwa anayetumia chombo chake. Kenya, kwa mfano, wahasibu wamezoea kufuata viwango vya Automobile Association of Kenya. Mwajiri wako akiwa na kiwango, kiwe kimeandikwa, kisiwe maneno ya kwenye korido.

La tano ni kwa yule ambaye kazi yake ya pili ni biashara yake mwenyewe: fundi umeme, mshonaji, mwenye studio ya picha. Mapato ya biashara yana mlango mwingine. Mauzo yako kwa mwaka yakiwa chini ya faranga milioni 2, husamehewa. Kati ya milioni 2 na 12 unalipa kiasi maalumu kwa daraja, kuanzia 60,000 hadi 300,000. Kati ya milioni 12 na 20 unalipa asilimia 3 ya mauzo. Katika madaraja haya yote gharama haziulizwi, kwa hiyo usidhani petroli ya kwenda kwa mteja itakupunguzia. Gharama huhesabiwa kwa anayelipa kodi juu ya faida halisi, na huko ndiko njia inakuwa na thamani mbele ya kodi, mradi iwe ya biashara, iwe kweli, na iwe na risiti. Unaweza kuomba kuingia huko hata ukiwa mdogo, lakini si mahali pa kuingia na kutoka kila mwaka. Kaeni na mhasibu kwanza. Kama vifaa na safari vinakula sehemu kubwa ya mauzo, huenda faida halisi ikakufaa. Kama kazi yako ni ya mikono zaidi na gharama ni chache, kiasi maalumu kitakupunguzia taabu.

Na hata kwa mwenye biashara, njia ya kutoka nyumbani kwenda kibandani bado ni yako mwenyewe. Njia ya kutoka kibandani kwenda kwa mteja ndiyo ya biashara. Msizichanganye. Pikipiki moja ikifanya yote mawili, daftari ndilo litakalozitenganisha.

La sita ndilo zito kuliko yote. Mkishajua kwamba gharama zinazorudishwa hazikatwi kodi, atakuja mtu kuwaambia: "Tuandike nusu ya mshahara kama nauli, sote tutafaidika." Mkataeni. Kwanza, huo ni uongo kwenye karatasi iliyo na jina lako. Pili, mshahara wako ulioandikwa ukipungua, mchango wako wa pensheni unapungua nao, na siku ukiwa mzee kama mimi ndipo utakapolipa bei yake. Tatu, siku ukienda benki kuomba mkopo wa kujenga, watatazama mshahara, hawatatazama nauli. Na msiongeze safari moja juu ya zile mlizofanya, hata kama mwajiri ni tajiri na hahesabu. Kijana anayeandika moto tano wakati alipanda tatu ameuza uaminifu wake kwa bei ya moto mbili, na hakuna mtu wa Rubavu atakayemrudishia.

Msiione kodi yenyewe kuwa adui. Barabara mnayopita kutoka hapa hadi mjini, na madaraja yaliyohitaji kutengenezwa baada ya mafuriko ya mto Sebeya ya Mei 2023, havikujengwa kwa maombi peke yake. Lipeni inayowapasa, kamili na kwa wakati. Lakini kulipa zaidi ya inayowapasa kwa sababu hamkuuliza si uzalendo. Ni uvivu wa kusoma karatasi iliyo mikononi mwenu, na ninyi mmesoma kuliko sisi.

Nina neno moja la mwisho, na ni kwa ajili ya miaka ijayo. Baadhi yenu mtakuwa waajiri. Mtakuwa na duka, karakana, shule, pengine hoteli kando ya ziwa hili. Mtakuwa na kijana atakayetoka kazi yake ya kwanza amechoka, aje kwenu kwa ya pili, nanyi mtamtuma benki, sokoni na mpakani. Msimngoje aombe. Mpeni nauli kabla hajatoka, mwekeeni fomu ya kuandika safari, mrudishieni ndani ya mwezi huo huo, na mwelezeni wazi kipi kwenye karatasi yake ni mshahara na kipi ni gharama. Anayemtuma mtu ndiye mwenye njia, na mwenye njia ndiye anayelipa. Mkianza kazi zenu kwa desturi hiyo, hapatakuwa na haja ya mzee mwingine wa Rugerero kuwaandikia watoto wenu haya.

Mungu awape nguvu katika kazi zenu zote mbili, na awafikishe salama kila mnakokwenda.